Theluji imenifungia ndani, na Juni nina triathloni

Shikamoo Kocha,

Nina miaka 38, mama wa watoto wawili, na ugonjwa wangu ni triathloni. Msimu uliopita nilimaliza ya kwanza, ile fupi: mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na 5 za kukimbia. Majini nilitoka karibu wa mwisho, nusu ya njia nikielea chali, lakini nilitoka. Medali ilipogusa shingo akili ikaruka, na wiki ile ile nikajiandikisha nusu, yaani nusu ya ile triathloni ndefu iitwayo Ironman: kilomita 1.9 majini, 90 kwenye baiskeli, halafu 21.1 kwa miguu. Ni wiki ya mwisho ya Juni. Ada nimeshalipa na hairudishwi.

Shida yangu ni theluji. Ilianza mwisho wa Novemba, sasa Januari inaisha na bado imelala barabarani. Programu yangu ya mazoezi nimeibandika kwenye mlango wa friji. Nikifanya zoezi naweka tiki ya kijani, nikikosa naweka X nyekundu. Tangu Desemba friji yangu inafanana na daftari la mwanafunzi mtoro.

Oktoba nilikuwa nakimbia kilomita moja kwa dakika 5 na sekunde 40, tena napiga soga. Sasa ni dakika 6 na sekunde 50 na roho inanitoka. Wiki mbili zilizopita niliteleza kwenye barafu iliyojificha chini ya theluji mpya, nikaangukia nyonga. Ilivilia damu ikawa zambarau, sasa inaelekea njano. Na nikifanya vipindi vya kasi nje, narudi na kikohozi kinachonikalia mpaka usiku.

Baiskeli ndiyo balaa zaidi. Nimenunua trena, ile mashine ya kufungia gurudumu la nyuma ili uendeshe ukiwa ndani. Programu inadai saa tatu nzima kila Jumapili, basi nakaa muda wote huo nikitazamana na ukuta wa sebule. Mume wangu anasema glasi kabatini zinagongana. Jirani wa chini ameshagonga dari yake kwa ufagio mara mbili. Jumapili iliyopita, dakika ya 100, nilishuka, nikakaa sakafuni nikalia. Wala sikuwa naumwa popote.

Wakati huo kwenye kundi letu la WhatsApp, wenzangu walioko nchi za joto wanatuma picha: kilomita 80 kabla ya chai, mikono wazi, jua usoni. Nawapa dole gumba, kisha naweka simu kifudifudi.

Kuogelea sijagusa tangu Novemba, nitaanza hali ya hewa ikitulia. Nywele zikilowa huku nje zinaganda kabla sijafika kwenye gari.

Niambie ukweli Kocha. Nijitoe sasa nisubiri mwakani? Au kuna binadamu wanaojiandaa kwenye baridi hii na wanafika mwisho?

Ni mimi,
X Nyekundu


Marahaba, X Nyekundu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuonea huruma kwa sababu ya theluji. Mara ya pili nikachukua kalamu nikapigia mstari mahali pamoja tu, karibu na mwisho. Kukimbia umekupa aya nzima. Baiskeli aya nzima, hata jirani na ufagio wake wamo. Kuogelea umekutupia sentensi mbili, tena umezipitisha mbiombio kama mtu anayekatiza mbele ya duka analodaiwa.

Hebu tuhesabu pamoja. Una michezo mitatu. Theluji imekuvurugia miwili. Wa tatu haujaguswa hata kidogo, kwa sababu bwawa la ndani lina paa, na maji yake ni yale yale Januari na Julai. Ya mashindano huwekwa kati ya nyuzi 25 na 28. Sasa wewe umeacha ule mmoja ambao baridi haiuwezi, ukashupalia ile miwili inayokupiga mweleka kila siku. Nikikosea unisamehe, lakini sidhani kama ni suala la nywele. Mtu aliyeelea chali nusu ya mita 750 anajua kilomita 1.9 ni nini. Friji yako inaonyesha X za baiskeli na mbio. Hofu yako iko majini.

Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana, usijitoe. Una wiki 21. Ila ile karatasi ya friji itoe leo. Iliandikwa kwa mtu anayeishi mahali pengine.

Nianzie majini, na nitakaa hapo sana.

Wengi wanaochoka baada ya mita 50 hawana mapafu mabovu. Wanazuia pumzi. Uso ukiingia majini wanafunga kila kitu, kisha wakigeuza kichwa wanataka kutoa hewa na kuvuta nyingine ndani ya nusu sekunde. Haiwezekani. Hewa chafu inabaki kifuani, na mwili unapiga kelele. Kelele hiyo ndiyo ile hofu uliyoisikia. Wiki ya kwanza bwawani usiogelee kabisa. Simama kwenye kina kifupi, shika ukingo, zamisha uso, toa hewa polepole kwa pua na mdomo mpaka mapovu yaishe, geuza kichwa pembeni, vuta, rudisha uso. Fanya hivyo mara 20, pumzika, rudia. Utajiona mjinga mbele ya wazee wanaokatiza bwawa kwa raha zao. Vumilia. Nimewahi kumfanyia zoezi hili mwanamume mwenye kifua kama kabati, mkimbiaji wa marathoni kadhaa, na siku ya tatu akaniambia, "Kocha, kumbe miaka yote nilikuwa napiga mbizi bila kujua."

Pumzi ikitulia, ogelea urefu mmoja wa bwawa la mita 25, pumzika sekunde 20 ukutani, rudia mara 20. Hizo ni mita 500. Usiongeze kasi, punguza mapumziko. Kisha unganisha urefu mbili, halafu nne. Miguu usiipige kama unakoroga uji, maana misuli ya mapaja ni mikubwa na inakunywa hewa kuliko mikono. Ipige kidogo tu, ya kutosha kukuweka mlalo. Kama miguu inazama, tatizo mara nyingi ni kichwa: unatazama mbele, nyonga zinashuka. Tazama chini, kwenye ule mstari wa sakafuni. Kilomita 1.9 ni urefu 76 wa bwawa hilo. Leo namba hiyo inatisha, lakini ukienda mara tatu kwa wiki, dakika 40 tu kila safari, itakuwa jambo la kawaida kabla hata barabara hazijakauka. Mara tatu fupi, tafadhali, si mara moja ndefu. Maji husahaulika upesi.

Na nywele? Kausha pale pale kwa mashine, vaa kofia mbili za sufu, toka. Chagua saa ambayo huna haraka. Kama unakwenda alfajiri na unatakiwa kazini baada ya nusu saa, ndiyo utatoka na kichwa kibichi na ndiyo utaacha.

Baiskeli. Nani amekuambia ukae saa tatu kwenye trena mwezi Januari? Barabarani kuna mteremko, kuna kona, kuna taa nyekundu, kuna upepo wa nyuma. Sehemu nzuri ya safari miguu inapumzika. Kwenye trena hakuna pumziko hata moja. Ukiacha kukanyaga, gurudumu linasimama. Saa moja ya huko ndani ni nzito kuliko saa moja ya nje, na wewe umekuwa ukijitwisha tatu. Sishangai ulikaa chini ukalia.

Halafu nakuuliza: una feni? Hukuitaja. Nje, mwendo wako wenyewe unakuletea upepo unaokausha jasho. Ndani umekaa kwenye wingu lako mwenyewe la joto. Mwili unapeleka damu kwenye ngozi ili upoe, mapigo ya moyo yanapanda ingawa nguvu miguuni ni ile ile, na unajiona umedhoofika. Weka feni kubwa mbele, si ile ndogo ya mezani. Fungua dirisha kidogo. Baridi hiyo unayoilaani angalau ifanye kazi. Chupa ya maji iwe karibu, taulo juu ya usukani. Hilo la taulo usilidharau. Niliwahi kufungua tepu ya usukani wangu baada ya majira moja ya baridi ndani, nikakuta aluminiamu imetoa unga mweupe, imelika na jasho la chumvi mpaka ina vishimo. Toka siku hiyo naifuta baiskeli kama naifuta mtoto aliyetoka kuoga.

Zoezi lenyewe liwe hivi: dakika 15 za kupasha mwili, kisha dakika 4 kali, kiasi cha kushindwa kusema sentensi nzima, na 3 laini, rudia mpaka zile kali ziwe tano, malizia na 10 za kupoa. Umemaliza chini ya saa moja. Siku nyingine fanya mara mbili dakika 20 za kazi nzito lakini inayovumilika. Jumapili dakika 90 zinatosha, basi. Kama trena yako inapima wati, jipime: endesha dakika 20 kwa nguvu zote unazoweza kuzishikilia, chukua wastani, zidisha kwa 0.95. Namba hiyo inakupa kiwango unachokaribia kukihimili kwa saa nzima. Jipime tena baada ya wiki 6. Hapo ndipo utajua kama unaporomoka, si kwa kutazama picha za watu.

Saa tatu zitakuja. Zitakuja Aprili na Mei, lami ikiwa kavu, na utazifurahia.

Kwa jirani: nunua mkeka mnene wa mpira, uweke chini ya trena, maana kinachomfikia zaidi ni mtikisiko unaopita sakafuni. Kisha shuka ukagonge mlango wake kabla yeye hajagonga dari tena. Muulize saa gani hayupo. Mumeo atatulia glasi zikitulia.

Sasa miguu. Dakika 6 na sekunde 50 juu ya theluji na dakika 5 na sekunde 40 kwenye lami kavu si vitu vya kulinganishwa. Theluji inateleza kila unaposukuma, kwa hiyo sehemu ya nguvu yako inapotea nyuma. Hatua unazifupisha, nguo ni nzito, misuli midogo ya kifundo inafanya kazi ya ziada kukuzuia usianguke. Moyo hauhesabu kilomita, unahesabu dakika na ugumu. Kimbia dakika 50 kwa mwendo wa kuweza kuongea, urudi nyumbani, kilomita usizitazame. Hata saa ya mkononi usiiamini sana kwenye mapigo ya moyo: baridi inabana mishipa ya ngozi ya kifundo cha mkono, na ile taa yake ya kijani inasoma kwa kubahatisha. Mkanda wa kifuani ni wa kweli zaidi.

Vaa kana kwamba nje kuna joto la nyuzi 10 zaidi ya lililopo. Dakika 10 za mwanzo usikie baridi kidogo. Ukitoka ukiwa na raha, utalowa jasho mbele ya safari, na jasho likipoa ndipo baridi inakupata. Pamba isiguse ngozi, inashika maji. Ya ndani iwe sufu nyembamba au nguo ya michezo, ya juu izuie upepo. Anza kwa kuukabili upepo, urudi nao mgongoni. Ukifanya kinyume chake utakuwa umelowa halafu upepo unakuchana kifuani. Na baridi pamoja na upepo vikifikia hali inayohisiwa kama nyuzi 27 chini ya sifuri au zaidi, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya nusu saa. Siku hiyo hakuna ushujaa, nenda kwenye mashine ya kukimbilia, inua mwinuko asilimia 1 ili kufidia upepo ambao haupo.

Barafu: kuna njumu ndogo za chuma zinazovishwa juu ya raba. Zitafute. Hatua fupi, miguu chini ya nyonga, na ukifika penye kung'aa tembea. Giza likiwa limeingia vaa kizibao kinachong'aa kikimulikwa, maana dereva naye anateleza. Hiyo nyonga yako, kama ukisimama kwa mguu mmoja maumivu yanachoma ndani kwenye mfupa, nenda kapigwe eksirei. Njano ya nje hainipi wasiwasi.

Kikohozi ninakiangalia kwa makini zaidi. Unapohema kwa nguvu unavuta hewa nyingi ya baridi na kavu kwa mdomo, pua haipati nafasi ya kuipasha moto wala kuilowesha. Njia za hewa zinakauka, kwa baadhi ya watu zinabana. Vipindi vya kasi vihamishie ndani, nje bakiza mwendo wa taratibu, mdomo umefunikwa na skafu nyepesi. Ukisikia mlio wa filimbi kifuani au kubanwa, hiyo si kazi ya kocha. Mwone daktari akupime kama ni pumu inayoamshwa na mazoezi, kwa sababu ina dawa na wanariadha wengi wanaishi nayo.

Nguvu za mwili fanya mara mbili kwa wiki, dakika 25, hata ukiwa na soksi sebuleni: skwoti, kupanda kiti kwa mguu mmoja, kuinua visigino, mgongo na tumbo. Majira ya baridi ndiyo msimu wake. Mei hutakuwa na muda. Na kama kuna mtu anaweza kukuazima skii za kutembelea tambarare, vile vibao virefu vya kuteleza juu ya theluji, chukua bila kuuliza mara mbili. Mikono, miguu, mapafu, vyote vinafanya kazi kwa pamoja na magoti hayapigwi. Kuna hata triathloni ya majira ya baridi, watu wanakimbia, wanaendesha baiskeli ya milimani, wanamaliza na skii, vyote juu ya theluji. Sikushawishi. Najua unavyojiandikisha.

Uliuliza kama kuna binadamu wanaofanya hivi. Ni kweli mchezo huu umekulia ufukweni: San Diego mwaka 1974, kisha Hawaii Februari 1978, ambako watu 15 walianza Ironman ya kwanza na 12 wakamaliza. Lakini triathloni ilipoingia Olimpiki, Sydney mwaka 2000, dhahabu ya wanaume ilichukuliwa na Simon Whitfield wa Kanada. Tokyo, mwaka 2021, ikaenda kwa Kristian Blummenfelt wa Norwei. Na yupo Lionel Sanders, Mkanada mwingine, ambaye kwa miaka mingi sehemu kubwa ya baiskeli na mbio zake amezifanya ndani ya nyumba, kwenye trena na mashine ya kukimbilia, akitazamana na ukuta kama wewe. Mwaka 2017 alikuwa wa pili kwenye Ironman ya ubingwa wa dunia, kule Kona, Hawaii. Nadhani alikuwa na feni.

Kundi la WhatsApp lizime sauti mpaka Aprili, hawatakosa dole gumba lako.

Jambo la mwisho kuhusu maji. Ziwa likiyeyuka, usikimbilie. Dakika ya kwanza ndani ya maji baridi mwili unahema wenyewe, huwezi kuuamuru, na mtu mwenye historia ya hofu anaweza kudhani anakufa. Subiri yapate joto, vaa suti ya mpira, ambayo pia itakuinulia miguu, ingia polepole, lowesha uso kwanza, na usiwe peke yako hata kama unaona ufuko.

Kwenye friji bandika karatasi mpya yenye mstari mmoja tu: kuogelea, Jumanne, Alhamisi, Jumamosi. Baiskeli na mbio fanya nilivyosema lakini usiziandike. Kisha niandikie wiki ya mwisho ya Machi uniambie umefika mita ngapi bila kushika ukuta. Ikiwa 1,000, tutaanza kuongea habari za Juni. Ikiwa 200, niandikie pia, tutaona pumzi inakwama wapi.

Kocha